Kuhusu Maua Uliyoniwekea Kwenye Video

Kasongo, siku ya Jumatatu

Kwa mwanangu Iliasi,
fundi wa foto na video,
Kabambare

Salamu aleikum, mwanangu. Kwanza nakusalimia wewe mwenyewe. Nasalimia mama yako Djamila, mudogo wangu wa ziwa moja, umuulize kama mugongo unamuacha alale. Nasalimia muke wako Zaina na mimba yake, nasalimia mapacha, na yule aliyewafuata mapacha kwa haraka. Nasalimia na muzee jirani anayekukubalia uweke kibao chako cha jua juu ya bati lake. Hapa nyumbani Safia anakusalimia. Anakula vizuri, isipokuwa mchana na jioni. Jirani yangu Mama Marguerite anakusalimia. Mimi pia nakusalimia, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza, kwa sababu mutu aliyekufa hasalimii.

Nakuandikia kwa kalamu, na barua nampa Clovis wa pikipiki, kwa sababu sauti yangu haiaminiki tena. Utaelewa mbele.

Nilikutumia sauti ya dakika nne na foto tano. Nilikuomba kwa upole unitengenezee video ndogo ya kualika watu kwenye harusi ya mutoto wangu Safia na Djamali wa Nyangwe. Kwa sauti ile nilisema kama mama yeyote anayeozesha: nilitaja ukoo, nikaomba musamaha kwa kila mutu niliyemukosea, nikasema mutoto wangu namuacha mikononi mwenu. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ulikuja kutoka Kabambare, nami naupanga kwa hesabu ili usichanganye.

La kwanza. Foto yangu ya karte ya uchaguzi uliitoa rangi. Ulisema nyeusi na nyeupe iko na heshima. Halafu ukaifanya ikaribie, polepole, mpaka pua yangu ikajaa telefone nzima. Mwanangu, mutu wa huku anakaribiwa namna ile siku moja tu, na wanaomukaribia wanabeba maji ya kumuosha.

La pili, maua. Nani hapa Kasongo alishapewa maua na afya yake? Mutu hai anapewa kuku. Anapewa muchele, anapewa kitenge, akikosa vyote anapewa maneno. Maua anapewa yule asiyeweza tena kuyakataa. Ukaongeza ndege wanaoruka kwenye mawingu, ukaweka na kaswida chini ya sauti yangu inayosema munisamehe wote. Nilipoiangalia mara ya kwanza nilisema Inna lillahi, nikapangusa macho, ndipo nikakumbuka ni mimi.

La tatu. Safia, mwenye harusi, ulimuweka mwisho kabisa, sekunde mbili, kichwa chini. Aliinamisha kichwa kwa sababu mwali anainamisha kichwa. Lakini baada ya ndege wale, nani ataona mwali? Waliona yatima.

La nne ni hili la grupu la familia. Miaka sita niko ndani ya grupu lile, kila asubuhi nasalimia, na hakuna anayejibu, hata wewe. Siku ulipoiweka video humo nikafa, majibu yalipita mia kabla ya adhuhuri. Shemeji yangu Bulaimu, aliyekuwa akiniita pilipili mbele ya watu, aliandika kwamba nilikuwa asali. Kesho yake akafika kutoka Wamaza na pikipiki tatu za waombolezaji, matope mpaka masikioni, wakanikuta mlangoni natwanga sombe, majani ya muhogo. Unafikiri alifurahi? Alikasirika! “Shemeji, sisi tumesukuma pikipiki kwenye matope siku nzima, na wewe uko unatwanga?” Wengine wakaniambia nikae pembeni kidogo, kwa heshima, wamalize kulia, maana kilio kikishapanda kifuani hakirudi chini. Nikakaa pembeni. Kisha nikawapikia, kwa sababu nani mwingine angewapikia? Wakala muchele wa harusi. Mama Marguerite aliyeleta mikeka ndiye peke yake aliyenikumbatia.

La tano ndilo linaloniua kweli. Wakwe wetu wa Nyangwe wameahirisha harusi. Muzee Faradji, baba ya Djamali, ametuma barua nzuri sana ya rambirambi. Anasema hawawezi kupiga ngoma juu ya kaburi bichi: kwanza arobaini, halafu wataangalia, labda baada ya mvua. Iliasi, wewe unajua “labda baada ya mvua” ya wakwe ni nini. Safia ameshashona, ameshafundwa, na wenzake wameanza kumuambia pole kwa sauti ya kufurahi.

Nikawatumia wakwe sauti: “Mimi Mwanvua niko hai.” Wakajibu kwamba sauti ya marehemu iko safi sana, Mungu amjalie, na nani aliyehifadhi zingine nyingi namna hii? Nikatuma foto ya leo, nimeshika kuku. Wakasema foto nzuri, iwekwe kwenye video ya arobaini.

Utasema, mama mukubwa, si uende Nyangwe ujionyeshe? Wapi! Mama mukwe aingie nyumba ya wakwe kabla ya ndoa, aonyeshe uso, aseme niangalieni? Heri kaburi. Nao hawawezi kuja kuniangalia, kwa adabu ileile. Yuko mushenga wetu, Muzee Yassine, aliyekuja akaniona kwa macho yake, akanywa na chai yangu. Nilimuomba akawaambie. Akakataa. Alikuwa ameisambaza ile video kwenye magrupu matano. Anasema, “Mama, nimeshatangaza. Mutu wa heshima hatangazi mara mbili.”

Kwa hiyo naleta maombi yangu mbele yako, kama fundi.

Kwanza, utengeneze video nyingine, fupi, ya mimi niko hai. Usiweke hata jani. Weka foto ambazo maiti hawezi: mimi nabishana na muuza samaki, mimi nafukuza mbuzi, mimi nimemukasirikia Bulaimu. Sauti nitamupa Clovis ndani ya telefone yake, na jogoo wa Mama Marguerite atasikika, watu wote wanamujua.

Pili, kuanzia sasa, mutu akikuletea foto na sauti, usiviunganishe mpaka shefu wa kartie, mutaa anamokaa, aandike kwamba mwenye sura anapumua. Muhuri uonekane kwenye video kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama muhuri unafunika sura, heri.

Tatu, kama hayo yote ni magumu, basi tufanye hivi. Arobaini ihesabiwe tangu siku ulipoituma video. Zimebaki siku kumi na tisa. Mimi niko tayari kufa siku hizo kumi na tisa. Nitakaa ndani, sitakohoa, sokoni ataenda Marguerite. Uwaandikie Nyangwe kwamba mwisho wa arobaini Safia anaolewa, bila labda, bila mvua. Mama hufanya makubwa kuliko hayo.

Nisalimie wote wa Kabambare, wakubwa na wadogo, na wale walionililia uwaambie nimepokea.

Ni mimi mama yako mukubwa,
Mwanvua, mama Safia

Ya kuongeza: Clovis amekwisha kuwasha pikipiki, nimemuzuia. Usitengeneze ile video. Narudia, usitengeneze! Djamali mwenyewe amefika kutoa pole. Tumekutana uani uso kwa uso, nina muchi mukononi. Na yeye, mukwe mwenye adabu, akainamisha macho palepale, kwa hiyo hajaniona. Anasema amewaambia wazee wake kwamba yatima haachwi peke yake ndani ya nyumba, na wamekubali: arobaini haingojwi, harusi ni Ijumaa hii. Basi niache nimekufa, na maua usiyaguse. Nijibu upesi, na Clovis huyuhuyu, nijue umeelewa, maana ukikosea sasa umetuharibia. Djamali amekula sombe mara mbili, akauliza nani ameipika. Safia akasema, jirani. Akajibu, macho bado kwenye mukeka: “Mumuambie jirani namushukuru. Na Ijumaa asiende mbali.”