Malalamiko Dhidi ya Mpaka Rangi na Kopo Lake

Kwa Bibi Meneja,
Ukumbi wa Sinema, nyuma ya kituo cha zimamoto.

Bibi Meneja mheshimiwa,

YAH: KUONDOLEWA KWA FILAMU INAYOHARIBU WATU WAZIMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wafanyakazi wako. Mimi si mzima sana, na sababu ni wewe.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya kliniki ya meno, mlango wa tatu ukipita stoo, na kwa miaka ishirini na saba nimekaa humo na nta yangu, plasta yangu na tupa zangu, nikiwatengenezea watu meno bila kumsumbua yeyote. Sijawahi kuandika barua ya malalamiko. Hata tulipokatiwa maji wiki tatu nilinyamaza. Nakueleza haya ili ujue kwamba mtu wa namna yangu akishika kalamu, amefikishwa pabaya.

Ninayoilalamikia ni filamu ya Mpaka Rangi Hajui Kukataa, unayoionyesha kila Jumamosi saa tisa alasiri. Wewe unaijua, lakini huenda barua hii ikasomwa na wakubwa wako, kwa hiyo naieleza. Mpaka rangi anakuja na kopo la rangi ya kijani kupaka mlango wa ofisi. Mlangoni wanamdhania ni bwana harusi aliyechelewa. Kwa kuwa ana haya, anaingia. Kufika jioni ameshakuwa bwana harusi, golikipa, shahidi katika kesi ya kitanda kilichoibwa, na mwenyekiti wa kamati ya watu asiowajua. Muda wote huo ana kopo lake mkononi, na hapaki hata ukucha. Mwisho wa filamu analikalia kopo, anapumzika. Basi, imekwisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwanza, sikuja kwako kwa hiari yangu. Nilitumwa. Mama mkwe alipofariki mwaka jana, baba mkwe alihamia kwetu, akachukua kiti cha karibu na dirisha na hakukiacha. Alikula akiambiwa ale, alilala akiambiwa alale. Huyu ni mkaguzi wa mizani mstaafu, Bibi Meneja. Zamani akiingia dukani na mawe yake ya kupimia, mwenye duka alitokwa jasho kabla ya kuulizwa habari za asubuhi. Kumwona amekaa pale kama kifurushi kisicho na mwenyewe kulimuumiza mke wangu kuliko msiba wenyewe. Kisha Jumamosi moja mzee alivaa koti, akatoka bila kuaga, akarudi jioni na uso wa mtu aliyeficha peremende shavuni. Jumamosi zilizofuata, vivyo hivyo. Mke wangu akaniambia, "Mfuate ujue anakokwenda, lakini asikuone." Nikamfuata. Akaingia kwako, nami nikaingia. Lawama ya kwanza, basi, ni yako, kwa kuacha mlango wazi.

2. Pili, filamu yenyewe ni ya kijinga. Nilikaa safu ya nyuma nikaitazama yote, na sikucheka hata mara moja. Nyumbani nikatoa taarifa: ni upuuzi mtupu, mtu anazunguka na kopo. Mke wangu akauliza, "Sasa baba anafuata nini huko?" Nikasema labda bisi. Lakini Jumatatu, nikiwa napiga jino msasa, nikakumbuka jambo. Katika kesi ya kitanda, hakimu alikuwa na sikio la kijani.

Nilikuwa na hakika kwamba alipoingia mahakamani sikio lile lilikuwa la kawaida, kama langu na lako. Nani alilipaka, na saa ngapi? Mpaka rangi alikuwa kizimbani, kopo liko miguuni, mikono yote miwili iko juu, anaapa. Nilijaribu kuliacha jambo hili. Nilijiambia sikio si langu, hakimu si ndugu yangu. Jumamosi nikarudi, kwa ajili ya sikio tu.

3. Tatu, na hapa ndipo hila yako inapoanza: niliporudi kwa ajili ya sikio, nikaona mbuzi. Mbuzi wa kijani, anakatiza nyuma ya goli wakati mpaka rangi anadaka penalti. Mara ya tatu nikaona kiti cha mwenyekiti kina mguu mmoja wa kijani. Mara ya nne miguu ilikuwa miwili. Mara ya tano nikagundua kwamba rangi ndani ya kopo inapungua. Kila wiki nilitoka mle ndani na maswali mengi kuliko niliyoingia nayo. Na kazi yangu mimi ni kutazama. Nipe plasta ya taya lako nitakuambia unatafunia upande gani na lini uligombana na daktari wa meno. Kama filamu moja inaweza kunifichia mbuzi mzima, basi kuna mtu anatuchezea, na nimeamua mtu huyo ni wewe.

4. Nne, umevuruga ugomvi wa kifamilia uliokuwa unakwenda vizuri.

Mimi na baba mkwe tulikuwa hatusemeshani kwa miaka sita, na kila mmoja alikuwa ameshazoea. Chanzo ni meno. Alipostaafu nilimtengenezea seti nzima, ya juu na ya chini, zawadi ya mkwe kwa mkwe. Siku ya kumuaga alisimama kuhutubia, na kila alipofika kwenye herufi "s" meno yalipiga filimbi. Hotuba yenyewe ilikuwa ya kuwashukuru wasaidizi wake wa sasa na wasaidizi wake wa siku zilizopita. Ukumbi ukawa kama kituo cha treni. Mzee alimaliza hotuba yote, akayavua meno, akayafunga kwenye leso, akayaweka mbele ya sahani yangu. Tangu siku ile akitaka chumvi alimwambia mke wangu, "Mwambie mumeo asogeze chumvi," nami nimekaa baina yake na hiyo chumvi. Alikwenda kwa fundi mwingine akawekewa meno yasiyopiga filimbi, ila yalikuwa yanacheza mdomoni kama mlango usio na komeo. Nilifurahi kimyakimya, kama mtu mstaarabu.

Basi huko ukumbini nilikuwa nimeshasogea mpaka safu yake, viti vitatu katikati yetu, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake. Jumamosi ya tisa, pale kamati inapomuuliza mwenyekiti ajenda ya leo ni nini, naye anajibu kwa unyenyekevu, "Mimi nimekuja kwa ajili ya mlango," mzee alicheka mpaka meno yakamtoka. Yaliruka, Bibi Meneja. Niliyaona yakipita kwenye mwanga wa sinema, ya juu na ya chini pamoja, kama yanaendelea kucheka yenyewe. Tukajikuta wote wawili tumepiga magoti kati ya viti, tunapapasa sakafu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka kiasi kwamba sikujua ninashika nini. Nilishika bisi. Nilishika kiatu cha mtu, na mguu ndani yake. Kisha nikaisikia sauti ambayo haikuwa imenisemesha kwa miaka sita, imelegea bila meno, inaninong'oneza: "Fundi, umeona na goti la bibi harusi ni la kijani?"

Nikamwambia sikuliona. Akasema, "Basi wiki ijayo kaa karibu nikuonyeshe."

Hivyo ndivyo miaka sita ya juhudi ilivyopotea.

5. Tano, tangu siku hiyo sina amani kazini. Baba mkwe huja chumbani kwangu kila asubuhi, anakaa kwenye kigoda katikati ya mataya ya plasta, anafungua daftari lake la ukaguzi. Amepiga hesabu kwamba kopo hupungua kila mpaka rangi anapokubali jambo. Akikubali kuoa, rangi inashuka. Akikubali kudaka, inashuka tena. Mimi nasema inashuka kwa sababu kopo lina tundu. Tunabishana mpaka nta inaganda. Wiki iliyopita nilimkabidhi dereva mmoja wa gari la wagonjwa, mtu mpole sana, meno ya chini yakiwa juu na ya juu yakiwa chini. Aliyavaa siku mbili. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi mapema, alisema alidhani huo ndio mtindo mpya.

Isitoshe, mzee ameniagiza seti mpya ya meno ya kuchekea. Hayo ni maneno yake, si yangu. Tumeyajaribu kwa neno "sisimizi" mara ishirini, dirisha wazi, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje walidhani tumevamiwa na wadudu.

6. Sita, adabu za nyumbani zimeporomoka. Mke wangu aliuliza ni nani aliyeacha bomba wazi mpaka jiko likajaa maji, na wanaume wawili, mmoja wa miaka hamsini na tatu na mwingine wa sabini na sita, tukajibu kwa pamoja bila kupanga, "Mimi nimekuja kwa ajili ya mlango." Akasema, "Jumamosi nakuja nanyi. Nataka nimwone aliyewaroga."

7. Saba, na hili ndilo kubwa. Alikuja.

Tulimwandaa njia nzima. Baba mkwe alimsomea daftari. Tukamkalisha katikati, mimi kulia na baba yake kushoto, tayari kumwongoza kama wageni wanavyoongozwa jumba la makumbusho. Harusi ikapita, yeye anakula bisi. Mpira ukapita, anakula bisi. Kesi ya kitanda ilipoanza akauliza, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani yule bibi wa kikapu ni nani?"

Baba mkwe akasema, "Bibi yupi?"

"Si huyo anayepita nyuma. Alipita harusini, akapita uwanjani, sasa yuko kortini. Ana brashi kikapuni. Haya, ameshampaka hakimu."

Bibi Meneja, mimi nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara ishirini na sita. Baba mkwe mara thelathini na moja. Mtu wa mizani na mtu wa meno, tumekodoa macho kwenye kopo miezi yote hiyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama mwanamke anayepita nyuma na kufanya kazi yote. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tuliambiwa, mbele ya watu, na mtu mwenye bisi mdomoni.

Kurudi nyumbani mzee hakulifungua daftari. Nilimtazama kwa pembe ya jicho nikahofu kwamba anarudi kwenye kile kiti cha dirishani. Tulipofika getini akasimama, mkono juu ya komeo, akamwambia mke wangu, "Mama yako angemwona siku ya kwanza." Mke wangu akasema, "Siku ya kwanza, baba. Tena angekukataza kupiga kelele." Wakaanza kucheka, kile kicheko chenye maji ndani yake, wameshikana pale getini, na majirani wanapita wanasalimia. Mimi sikujua nishike nini. Nikashika mwavuli.

Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Mimi nilikata tiketi ya vichekesho. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu anaweza kufika nyumbani na kuhitaji leso. Na juzi baba mkwe amekihamisha kile kiti cha dirishani, amekipeleka jikoni akae akibishana na binti yake kuhusu bibi wa kikapu anatoka wapi. Dirisha liko tupu. Mwanga unaingia wote. Nalipia pazia la kazi gani?

Kwa hiyo naomba yafuatayo, lolote lililo rahisi kwako:

Filamu ifungiwe kabatini, na ufunguo apewe mtu asiyependa kucheka. Au, kama hilo ni gumu, watu wote wanaopita nyuma wafutwe, abaki mpaka rangi na ukuta. Au, kama hilo nalo ni gumu, utupe hati rasmi, yenye saini na muhuri wako, inayothibitisha kwamba ndani ya filamu hii hakuna kitu kingine chochote cha kuona. Nitaitundika ukutani kliniki, nami nitapona. Nakuonya tu kwamba ili uisaini kwa haki itakubidi uitazame kwa makini. Anza na sikio.

Nisalimie mkata tiketi, ambaye siku hizi hunikatia kabla sijafungua mdomo. Nisalimie fundi mitambo wa chumba cha juu, aliyetuwashia taa siku ya meno bila kuombwa, na mama wa bisi, na yule bwana wa safu ya mbele yetu niliyemshika mguu. Mwambie haikuwa kwa ubaya.

Ni mimi, mwenye heshima nyingi na mbavu zinazouma,

Fundi wa meno ya bandia
Safu ya tano, kiti cha pembeni

Nyongeza: Naandika haya kwa penseli, nimesimama mlangoni pako, Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Nilitangulia ili nikusukumie barua hii chini ya mlango, nikakuta tangazo lako: kwa kukosa watazamaji, filamu ya mpaka rangi imeondolewa kuanzia leo. Bibi Meneja, huu ni uonevu. Futa namba moja mpaka namba saba. Kukosa watazamaji maana yake nini? Sisi ni nani? Jumamosi iliyopita tulikuwa kumi na mmoja, na kama ni idadi unataka, kliniki kuna watu wanasubiri kwenye benchi kila siku. Nitawaleta na benchi lao. Nimewaona mke wangu na baba mkwe wanavuka barabara. Mzee amevaa tai. Tangazo umelibandika usawa wa macho yake, kwa hiyo nimelifunika kwa mgongo. Sasa wamefika. Mzee ameniuliza mbona nimejibanza hapa, nimemwambia kiuno kinauma. Amesema basi tutasubiri wote, naye ameegemea mlango kando yangu, bega kwa bega. Tafadhali pitia mlango wa nyuma. Usiseme kitu kwa mtu. Washa tu filamu.