Vitanda Viwili, Daraja la Kwanza

Jumapili, 4 Julai 1976. Sironga

Barua ya Nyaboke imefika kutoka Lusaka. Amejifungua mtoto wa kiume. Bwana asifiwe. Ukurasa wa pili si mzuri. Anataka mama yake aende akamsaidie kulea, akae mpaka mtoto atambae. Nimeuliza majirani mtoto hutambaa lini. Kila mmoja ana mwezi wake. Mama mmoja wa kanisani alisema wa kwake hakutambaa kabisa, alikaa tu mwaka mzima, kisha akainuka akatembea.

Drusilla ameshaanza kukausha chinsaga, ile mboga chungu anayoipenda Nyaboke. Anaimba. Hajauliza mimi nitakula nini.

Nyaboke ndiye kitinda mimba wetu. Tangu aolewe, nyumba hii ina vyumba vinne na watu wawili. Ikibaki na mtu mmoja... Basi.

Mpango! Drusilla ataenda, na mimi nitampeleka. Si kwa ndege, kama alivyoandika mkwe wetu Walter. Kwa reli mpya inayotoka Dar es Salaam mpaka Zambia, daraja la kwanza. Shuka nyeupe. Meza yenye kitambaa. Taa ndogo kando ya kitanda. Siku mbili, yeye na mimi, chumba kimoja, dirisha moja, hakuna jirani wa kuomba chumvi. Mwanamke aliyestareheshwa namna hiyo na mumewe hawezi kukaa Lusaka. Atambusu mtoto, atapanda treni tena kurudi nami. Sitahitaji hata kumwomba.

Drusilla amesema daraja la pili nalo lina viti. Nikamwambia ni kwa ajili ya magoti yake. Amesema magoti yake hayana neno.

Alhamisi, 5 Agosti. Kisii mjini, kituo cha basi

Pasipoti ziko mfukoni. Suti imepigwa pasi. Nikageuka, nikamwona Momanyi.

Huyu Momanyi ni baba yake Walter. Mwalimu mstaafu wa Nyamache, mjane, mrefu kuliko inavyohitajika, na ana sauti ya besi inayofanya akina mama wa kwaya wanyooshe migongo. Ana sanduku jipya. Langu limefungwa kamba ya katani. Naye anakwenda kumwona mjukuu. Treni ile ile. Daraja lile lile.

Nani alimpa habari za treni? Mimi. Tulikutana sokoni Nyamira, nikamweleza kitambaa cha meza kwa muda wa saa nzima. Nilitaka aone wivu. Ameuona, na ameuchukulia hatua.

Jumatatu, 9 Agosti. Ndani ya treni

Basi mpaka Nairobi, basi mpaka Dar, miguu imevimba, na sasa treni! Behewa linang'aa kama sufuria ya harusi. Nimegusa kila kitu. Kuna ndoano ya kofia. Kuna chupa ya maji ya moto.

Kisha akaja mkaguzi wa tikiti. Wanawake behewa la mbele, wanaume hili. Nikamweleza kwamba huyu ni mke wangu wa miaka ishirini na sita. Akanipongeza. Akasema mume na mke wakitaka kulala pamoja lazima wachukue chumba kizima cha vitanda vinne, na vyumba vimejaa. Drusilla akajitwika kikapu chake akaenda. Aligeuka mara moja tu, kuniambia soksi ziko ndani ya mfuko, chini kabisa.

Chumbani kwangu: wafanyabiashara wawili wa Ndola, ambao tayari wanakoroma. Na kwenye kitanda kinachonitazama, Momanyi.

Kwetu wakwe huheshimiana. Mtu hamwoni mkwewe akiwa na fulana. Nikavua kofia. Naye akavua kofia. Nikafikiri sana, nikavua viatu. Naye akavua. Hapo tukakwama. Tumelala na suti na tai, chali, kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Jumanne, 10 Agosti. Asubuhi

Mpango wa pili. Ugonjwa. Mume akiugua, nani ataitwa? Mke. Nikashika tumbo, nikaguna. Momanyi akakimbia kuleta msaada, lazima nikiri alikimbia vizuri.

Alirudi na muuguzi mmoja wa Kitwe aliyelala chumba cha Drusilla. Mwanamke mnene, hacheki. Akaniminya tumbo mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa, sasa upo. Akaninywesha kitu cheusi. Akaamuru nisile mpaka jioni.

Nikamwuliza mke wangu yuko wapi. Akasema yuko mezani anakunywa chai na mwalimu.

Nimekwenda mpaka mlango wa behewa la chakula kuhakikisha. Kweli. Kitambaa cheupe, mayai mawili, siagi iliyoviringwa. Momanyi anamwonyesha milima. Drusilla ameshika kikombe kwa vidole viwili. Sijawahi kumwona akishika kikombe hivyo. Alikuwa mzuri sana.

Jumanne hiyo hiyo, alasiri

Nimeaibika. Naandika upesi.

Mhudumu alituambia mbele kuna mahandaki mengi, treni inapita ndani ya mlima kwenye giza totoro. Mpango wa tatu! Mambo mengine mtu hawezi kuyasema kwenye mwanga. Nikampata Drusilla ameegemea dirisha la ujia. Nikasimama karibu naye. Nikangoja.

Giza likaja. Nikanyoosha mkono, nikaushika mkono wake, nikasema yote kwa Kigusii, bila kupumua. Kwamba nyumba ni kubwa. Kwamba jioni nikisikia mlango wa jikoni najua dunia iko sawa. Kwamba arudi nami, tafadhali.

Mwanga ukaja. Nilikuwa nimeshika mkono wa Momanyi. Drusilla alikuwa amempisha mkwe aone handaki, naye ameenda zake kuchukua kikapu.

Momanyi hakucheka. Wala hakuutoa mkono. Akasema marehemu mke wake alikuwa akifunga mlango wa jikoni kwa mguu, kwa sababu mikono ilikuwa na vyombo, na yeye Momanyi alimkemea kwa hilo miaka thelathini.

Kisha akasema, "Hayo uliyoniambia mimi, mwambie yeye. Muulize tu."

Nimelifikiria shauri hilo tangu hapo. Ni rahisi mno. Lazima kuna ujanja ndani yake.

Jumatano, 11 Agosti. Kapiri Mposhi, mwisho wa reli

Drusilla amekuja mwenyewe mpaka chumbani kwetu. Hakuna aliyemzuia. Kumbe mchana mtu hukaa anapopenda! Alimwuliza mkaguzi tangu juzi, akajibiwa. Amekuwa akiniwekea nafasi dirishani, akidhani ninapenda mazungumzo ya wanaume.

Momanyi akakumbuka ana jambo la kufanya behewa jingine. Akawaondoa na wale wa Ndola.

Drusilla akaketi. Akasema, "Baba Nyaboke, safari yote hii hujaniuliza nitarudi lini."

Nilikuwa na maneno, niliyasema jana kwa mtu mwingine. Nikamwambia kuku watahitaji mtu wa kuwaangalia.

"Kuku," akasema.

Nikaongeza kwamba na majani ya chai hayajichumi.

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Sikuona kichekesho. Akamenya ndizi, akanipa nusu kubwa. Tukakaa bega kwa bega mpaka tukafika hapa, tukitazama miti ya Zambia, ambayo ni mingi na yote inafanana. Ingekuwa amri yangu, treni ile isingefika kamwe.

Jumapili, 22 Agosti. Lusaka

Mjukuu ana vidole vyenye nguvu. Alishika kidole changu akakataa kukiachia. Nimemweleza faida za kutambaa mapema, na nimemwonyesha kwa vitendo, sakafuni. Nyaboke aliingia nikiwa katikati ya somo.

Kesho tunarudi, Momanyi na mimi. Drusilla anabaki. Amenirekebishia kola, ingawa haikuwa na kasoro.

Jumatatu, 6 Septemba. Sironga

Safari ya kurudi, Momanyi na mimi tulivua makoti. Hata tai. Si mtu mbaya. Anakuja kula hapa Jumamosi baada ya kanisa, yeye ndiye anayepika.

Nyumba iko kimya. Alhamisi nilishindwa, nikaenda posta ya Nyamira nikapeleka simu ya maandishi: NINA HOMA KALI. NJOO. Homa sina. Ni mpango.

Jibu limefika leo. Limeandikwa: MIMI PIA NAKUKUMBUKA. NITARUDI NOVEMBA. VAA SWETA. DRUSILLA.

Nimelisoma mara nyingi, nikiwa nimesimama, nikiwa nimeketi, na mara moja kwa sauti. Sielewi. Hakuna mahali nilipoandika kwamba namkumbuka. Habari ya homa haikujibiwa kabisa. Bila shaka makarani wamechanganya maneno njiani.

Kesho nitapeleka nyingine. Nitasema nimevunjika mguu.