Kelele za Mashine Iliyokufa

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimeficha jambo moja, na kwa kuwa sidhani nitaziona mvua za mwakani, naliandika: masikio yangu yamekufa. La kushoto kabisa. La kulia hufunguka mtu akinipigia kelele kwa karibu, na hata hapo napata nusu. Hapa Kedowa hajui mtu.

Wala si wakati wa kuwaambia. Jumamosi ni koito ya mjukuu wangu Winny. Wazee wa mvulana wanatoka Sigor kuja kumposa. Mwanangu, babake Winny, alishatangulia, kwa hiyo kiti cha msemaji ni changu. Mdogo wangu Robert anakitaka. Alipita leo akaniuliza kitu, nikajibu, "Mwaka jana." Kumbe aliuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia sisikii kwa sababu ya mashine ya kusaga mahindi ya jirani yetu, Nyang'au. Robert na binti yangu Chepngeno wakatazamana. Nimewaweza.

Jumatano, 6 Agosti

Uongo unataka kupaliliwa. Nimejikongoja hadi kwa Nyang'au, nikamsomesha mlangoni pa mashine yake. Sikufundisha Kiingereza miaka yote ile bure. Nikamweleza kwamba neno noise halikuzaliwa likiwa kelele. Kwa Walatini lilikuwa nausea, kichefuchefu cha mtu aliye melini, nao waliliokota kwa Wagiriki, kutoka neno lao la meli. Wafaransa wakalifanya ugomvi na zogo. Waingereza ndio waliobaki na kelele tupu. Wapo wataalamu wanaobisha, wanasema asili yake ni neno la madhara. Nikamwambia hata hao wanamhukumu yeye. Kwa ufupi, mwenye kelele anamtapisha jirani.

Alijibu kwa kirefu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima, nikarudi.

Jioni Chepngeno akaniinamia sikioni, akanirudishia maneno ya Nyang'au: "Mwalimu, mimi ni mtu wa mahindi, meli nitaitoa wapi? Na hii mashine imekufa tangu Jumapili. Wewe unasikia nini?"

Nilikuwa na jibu. Nikasema nilikusudia ile maana ya Kifaransa, ugomvi, na Nyang'au ni mgomvi. Chepngeno akasema Nyang'au ndiye anayetuletea kuni bila kuitwa. Hilo sikulisikia vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Nyang'au amepata fundi. Nimeweka kiganja ukutani, ukuta unatetemeka. Sijawahi kufurahia kelele namna hii. Robert alipofika nilimwonyesha dirisha, nikashika kichwa kama abiria wa melini. Amekubali: Jumamosi kila neno nitarudiwa sikioni kwa sauti kubwa, kwa sababu ya mashine. Kiti kimebaki kwangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nyang'au ni mbaya kuliko nilivyodhani. Amekuja na ndizi kuniomba msamaha, pamoja na mkewe Bonareri. Huyo ana sauti, hata mimi nilimsikia. Kesho mashine haitawashwa, akasema, hata kwa debe moja. Mwalimu aongee na wageni wake kwa amani. "Na umefundisha kweli, Mwalimu. Tangu juzi huyu mume wangu akiona ugali anasema unayumba." Wote wakacheka. Mimi nimenyang'anywa kelele yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kimya. Nilitegemea mvua ya mchana ipige mabati. Haikutoa hata tone. Wazee wa Sigor waliongea chinichini, kwa adabu ya watu walio katika nyumba ya wenyewe. Wakasema, nikaitikia kwa kichwa. Wakaomba, nikaitikia. Mkubwa wao akanigeukia na neno zito. Nikadhani ni baraka. Nikaitikia kwa nguvu, nikaongeza, "Tangu enzi za mababu."

Wakasimama. Winny akatoka nje analia.

Chepngeno akanijia sikioni. Mzee alikuwa ameuliza kama sisi na wao ni ukoo mmoja. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Wageni walikuwa wanavaa makoti.

Nilimtazama Robert. Nikakishika kiti kwa mikono miwili. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia, kwamba mimi ni kiziwi, swali halikunifikia, na koo zetu ni mbili.

Makoti yakavuliwa. Winny akaitwa ndani. Robert akakaa kwenye kiti. Mkubwa wa wageni akaja akanipigia kelele sikioni: "Pole, Mwalimu. Tulidhani ni maringo."

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala kama mtoto. Ukweli ni dawa. Sitaficha tena kitu katika siku zilizobaki.

Robert amekuja kunifariji. Kwa kuwa mazungumzo siyawezi, familia inaona siku ya harusi nisome baraka mbele ya watu wote. Winny ataziandika. Kama sitaweza, Robert atasoma yeye. Nimekubali kabla hajamaliza. Kuanzia kesho nitalalamikia balbu za ukumbi wa kanisa, kwamba hazina nguvu.

Maana macho yalitangulia masikio. Watu bado nawaona, lakini tangu Pasaka sijasoma herufi hata moja, na hizi ninazoandika sizioni.