Pole Tuliyompa Bwana Kurian

Vuai Haji Makame, dereva
Chumba namba 31, kambi ya wafanyakazi
Industrial Area, Doha

Kwa Mheshimiwa Mtengenezaji wa filamu ya umaskini wa India,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kukuandikia bila kujuana. Mimi ni dereva wa hoteli, Mzanzibari, mwaka wa nne sasa hapa Doha. Filamu yako tumeiangalia Ijumaa kwenye simu ya Faraji, mwenzangu wa chumba, na tumelia. Kulia si tatizo. Tatizo ni yaliyofuata, na wewe ndiye wa kuyajibu.

1. Umetuonyesha India nzima haina paa. Kwa muda wa saa mbili na robo mvua inanyesha, watu wako chini ya daraja, ukoo mzima unakula sahani moja, na kila anayeulizwa anatabasamu. Hukuonyesha hata nyumba moja yenye mlango. Sasa mimi, ambaye India sijafika, ningejuaje kwamba milango ipo?

2. Mkubwa wetu wa kazi, Bwana Kurian, ni Mhindi, na ndiye anayetia saini likizo zetu. Kwetu sisi, ukishajua mwenzio kafikwa na jambo halafu usiende kumpa pole, wewe si mtu. Faraji akasema miaka yote hii tunamsalimia asubuhi na kupita zetu, kumbe mwenzetu katoka chini ya daraja. Wallahi tuliona haya.

3. Tukavaa kanzu, tukapanda basi hadi kwake Al Wakrah, na mfuko wa mchele, blanketi, na viatu vya Faraji ambavyo bado vizuri vikishonwa upande mmoja. Tukamkuta na mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuja kumtembelea. Faraji akamshika mkono bibi wa watu, akamwambia kwa Kiingereza chake chote kwamba Mungu ni mkubwa na daraja limeshapita. Bwana Kurian akasema kwao wana nyumba ya ghorofa na bustani. Lakini fukara siku zote hukataa, tunalijua hilo, kwa hiyo kadiri alivyokataa ndivyo tulivyozidi kukuamini wewe. Akatuonyesha picha ya nyumba yenyewe. Faraji akamuuliza kwa upole alikuwa akifanya kazi gani pale. Hapo tukatolewa nje, na mchele wetu.

4. Jumapili nikapeleka ombi la likizo. Binti yangu Aisha anaolewa mwezi ujao, na mimi baba yake ndiye walii, mwenye kumuozesha. Bwana Kurian hakulisoma. Alisema maskini kama yeye hamudu kukaa bila dereva. Nisipofika, atakayemuozesha ni kaka yangu, ambaye hatusemezani tangu ugomvi wa mpaka wa kiwanja, na ataisimulia harusi hiyo mpaka tuzikwe. Inaniuma, ndugu yangu. Miaka minne mtoto namlea kwa simu, na jambo moja tu lililobaki la kumfanyia kwa mdomo wangu mwenyewe ndilo hilo.

5. Kwa hiyo naomba utengeneze filamu ya pili, ya saa mbili na robo vilevile, inayoonyesha milango ya India peke yake. Ukikosa nafasi, uje Doha umwambie Bwana Kurian mbele yangu kwamba ulisahau. Ukishindwa na hilo, basi tengeneza filamu ya maskini wa kwenu wewe, si wa India, ili Bwana Kurian naye apate pa kwenda kutoa pole na moyo wake upoe. Mchele tutamwazima.

Sisemi haya kwa chuki. Nasema kwa sababu huruma isiyo mahali pake inamvunjia mtu heshima. Mimi nilivyolelewa, kamwe nisingekubali kuhurumiwa kwa shida nisiyokuwa nayo.

Nisalimie watu wa nyumbani kwako, wapiga picha, washika taa, na wale wa chini ya daraja mmoja mmoja. Faraji naye anakusalimu, ila hataki jina lake litajwe katika barua hii.

Wako mwenye kinyongo na adabu,
Vuai Haji Makame

Tanbihi: Bahasha sijaifunga, Bwana Kurian kapita kambini. Yeye na mama yake wameangalia filamu ya wageni kuhusu umaskini wa Afrika, na mama hajala tangu jana. Bwana Kurian kaniuliza, macho chini, kama ni kweli kwetu maji tunayafuata mwendo wa nusu siku, na kama Aisha anaozwa kwa sababu ya njaa. Nyumba yangu ya Fuoni ina mabomba matatu, na Aisha ni mfamasia. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaona kalamu yake imeshatoka mfukoni. Nikainamisha kichwa. Kanipa siku arubaini.

Madai yote nayafuta. Ila mama yake anataka kuona picha za harusi, na ukumbi tumeshaukodi, una viyoyozi. Wewe ndiye fundi wa kazi hiyo: tafadhali nijulishe mapema tusimame wapi, na tuvae nini.