Mnato Umezidi

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya jina langu! Profesa ametamka leo, mbele ya mashahidi: mawimbi yakionekana kwenye chombo Ijumaa, wageni wakiwepo, jina langu litaingia kwenye makala. La tatu, baada ya lake na la mwanafunzi wake tunayemwita Kamusi, maana hajui kusema neno jepesi. Miaka tisa ninafunga na kufungua nati za maabara hii. Sijawahi kuandikwa popote ila kwenye daftari la mahudhurio.

Mama mkwe, aliyekuja kwetu Januari kwa siku mbili tatu, huwaambia majirani kwamba kazi yangu ni kupangusa vumbi. Uongo mtupu! Mimi ndiye ninayelitia. Na si vumbi la sakafuni, ni vipira vya plastiki vidogo kuliko chembe ya unga. Tunanyonya hewa kutoka kwenye chombo cha kioo, tunaacha gesi kiduchu, tunapitisha umeme, gesi inawaka rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Vumbi linaelea humo wala halianguki. Kwa nini halianguki? Niliwahi kuelezwa. Niliitikia kwa kichwa.

Jumanne, 5 Machi

Mawimbi hakuna. Mwanga wa leza unasukuma safu ya juu ya vumbi, ya chini imetulia tuli. Profesa anasema hapo mpakani, kasi zikitofautiana, vumbi linapaswa kuanza kuyumba, kisha kujikunja na kuviringika. Kwetu safu zinapishana kwa adabu, kama mtu na mkwewe.

Saa nne Profesa alichungulia, akaguna, akaandika ubaoni: MNATO UMEZIDI. PUNGUZA. Akaondoka kwenda kikaoni. Kamusi akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nilikuwa humu ndani yeye bado akifungwa kamba za viatu. Akacheka, mpuuzi huyu.

Mnato. Kunata. Kitu kinanata. Hata mtoto wa chekechea anajua.

Jumatano, 6 Machi

Nimesaka kila kinachonata. Utepe wa gundi kwenye nyaya: nimebandua. Karatasi ya HATARI UMEME: nimebandua. Pipi ya Kamusi iliyogandia kwenye droo: nimeitupa, kwa ajili ya sayansi. Mawimbi wapi! Nyaya tatu zimeangukia nyuma ya meza na sijui zilikuwa za nini.

Kamusi naye kutwa anazungusha kitufe cha umeme, ati anapunguza mnato. Kwa kitufe! Gundi gani hiyo inayotoka kwa kitufe? Nimemwonea huruma kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba jina lake ni la pili, huruma ikaisha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeipata! Nilikuwa nimeegemea chombo, sina mbele wala nyuma, kidole kikanata kwenye mfuniko. Grisi! Ile tunayopaka kwenye mpira, pale mfuniko unapokutana na kioo. Miaka tisa naipaka kwa mkono wangu mwenyewe. Kumbe mchawi ni mimi.

Kamusi alikuwa maktaba. Nikaipangusa yote kwa kitambaa cha mama mkwe cha kufutia miwani. Nikawasha. Mawimbi! Yanajikunja, yanaviringika, yanatafunana! Nilipiga kelele peke yangu. Pampu ilikuwa inakoroma, sikuijali.

Nyumbani nimetangaza. Mama mkwe akauliza jina litaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Nimesema kubwa. Sina hakika.

Ijumaa, 8 Machi

Wageni watatu. Mawimbi makubwa kuliko ya jana. Profesa alinishika bega! Mgeni mmoja alipiga picha, nikasogea ili na mimi nitokee.

Ndipo Kamusi akasema mshale wa kipimo cha hewa unapanda. Profesa akauliza nani amegusa mfuniko. Nikajitokeza kifua mbele: mimi, nimepunguza mnato, nimeifuta grisi yote. Mgeni mmoja akakohoa. Zambarau ikafifia, ikazimika, na vumbi lote likaanguka chini mbele ya macho yetu.

Kumbe hewa ilikuwa inapenya mfunikoni na kulipeperusha vumbi. Mawimbi yangu yalikuwa upepo. Profesa hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinieleza polepole kwamba mnato si gundi. Ni jinsi chembe zinavyokokotana: safu moja ikikimbia inaivuta jirani yake, na mvuto huo ukizidi, kila kiwimbi kinachotaka kuanza kinazimwa kabla hakijakua. Nilitamani niingie ndani ya chombo nijifungie. Ila mfuniko wenyewe haufungi tena.

Mungu si Athumani: wageni watarudi Jumatatu. Profesa amesema nafasi ya tatu bado iko wazi, kwa mara ya mwisho. Nimeapa. Kuanzia leo, neno nisilolijua nitaliuliza, hata kwa Kamusi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimerudisha grisi. Nimerudisha nyaya mbili kati ya tatu. Profesa amepita asubuhi na kuandika ubaoni: ONGEZA JOTO LA VUMBI.

Kamusi akanijia mbio kabla sijafungua kinywa. Akaanza kwamba joto, kwa muktadha huu, halimaanishi kile ambacho mtu wa kawaida... Nikamkatiza. Mtu wa kawaida ni nani? Kiapo changu ni kuuliza neno nisilolijua. Joto nalijua.

Nimelileta kopo la vumbi nyumbani. Kikaango cha mama mkwe ndicho kizito kuliko vyote, nimekibandika jikoni, moto wa wastani, ninakoroga taratibu kwa mwiko. Mwanzoni lilikuwa linatawanyika vizuri. Sasa limeanza kushikana, na mwiko hautoki.

Mama mkwe anauliza kutoka sebuleni ni kitu gani kinanuka hivyo. Nimemjibu: ni jina langu, mama, linaiva.