Uzio Unaolinda Ubongo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Endamunyari, Mheshimiwa Mtendaji, Waheshimiwa Wajumbe wa Serikali ya Kijiji, mliopo hapa na mlioko machungani, wazee wetu, shikamooni (Wazee: "Marahaba!"), Baba Katekista, Mwalimu Mkuu pamoja na nusu ya shule uliyoweza kuja nayo, Sista Scolastica, muuguzi wetu wa zahanati, ambaye naona ameshanyoosha mkono kabla sijaanza, shusha kwanza, dada yangu, mabibi na mabwana, ambao sikuwataja wajione wametajwa. (Makofi machache. Mbuzi analia ndani ya uzio.)

Mimi, Basili Wolfgang, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kulinda Ubongo wa Mwananchi dhidi ya Mawimbi ya Sumaku-umeme, nimeruka mashimo saa tatu nzima kutoka Mbulu mjini mpaka huku bonde la Yaeda, ili kuzindua, kwa niaba ya wote wanaostahili kuwakilishwa na mtu wa kiwango changu, uzio huu mnaouona nyuma yangu, wenye nguzo hamsini na mbili, mistari sita ya waya wa miiba na kibao chekundu kinachosema HATARI MAWIMBI, uzio uliozunguka mnara wa simu wenye urefu wa mita arobaini na tano kwa mujibu wa mchoro. (Minong'ono. Sauti: "Mnara wenyewe uko wapi?")

Maswali mwisho. Sasa, mawimbi haya ni kitu gani? Kwa lugha nyepesi ya kisayansi, ni kitu kisichoonekana, hakina harufu, hakipigi kelele, na kinapita katikati ya kichwa cha mtu bila hata kubisha hodi. Mimi nilipoelezwa hivyo kwenye semina ya siku tisa, sikupata usingizi. Nikajiuliza, huu ubongo wa mfugaji wa Yaeda, ambao ndio huo huo anaoutegemea kumjua kila ng'ombe kwa rangi yake na kwa mama yake, ukipitiwa na kitu hicho asubuhi na jioni, nani atawajibika? Ni kweli mtaalamu wetu, Bwana Onesphory, yule aliyekuja na kipimo, alidai kwamba mawimbi ya simu ni dhaifu, hayavunji chembe za mwili, kwamba kilichothibitika mpaka sasa ni joto kidogo tu, na kwamba utafiti bado unaendelea. Mmesikia? Unaendelea! Kitu ambacho utafiti wake unaendelea, sisi viongozi makini hatukiruhusu kuendelea. (Mwalimu Mkuu anapiga makofi peke yake, anaacha.)

Na matokeo tumeyaona. Onesphory alizunguka kijiji hiki siku nne na kipimo chake, akapata sifuri. Akakigonga, sifuri. Akabadilisha betri, sifuri. Ndugu zangu, sifuri! Miji mikubwa ya dunia hii inaitafuta sifuri hiyo haijaipata, na nyie mnayo hapa mnaikalia tu. Tukapima vichwa mia mbili na kumi na mbili, sampo yenye wafugaji, wakulima na katekista mmoja, na asilimia mia moja ya vichwa hivyo havikukutwa na dhara lolote la mnara. Stekiholda mmoja alinipigia simu usiku kunipongeza, bahati nzuri nilikuwa mjini.

Naam, Sista, naona sasa umesimama kabisa. Sema, kwa kifupi. (Scolastica: "Mheshimiwa, Gaudensia yuko hapo zahanati, uchungu umemshika tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Gari la wagonjwa linaitwa kwa simu, na simu mpaka upande Haloo. Nimepanda mara mbili leo, haikushika. Gari lako lipo hapa. Ninaliomba." Wanawake: "Mpe!")

Kwa faida ya wageni, Haloo ni kile kilima chenye jiwe upande wa mashariki, ambako wananchi hupanda dakika arobaini na tano, hupanga foleni, wazee mbele, kisha huita "haloo, haloo" mpaka mtandao ushike au mtu akate tamaa. Sista, hoja yako nimeipokea kwa mikono miwili kama fidibaki, na itaingia kwenye ripoti ya robo mwaka. Lakini tuwe wakweli, gari ni la mradi, na mradi ni wa ubongo. Uzazi una idara yake. Nikimaliza hotuba tutaona. Zimebaki kurasa kumi na nne. (Kelele. Mama mmoja: "Na wewe ulizaliwa na ripoti?")

Jamani, jamani! Tuvumiliane. Huko Haloo kwenyewe mnalalamikia nini, wakati kupanda ni mazoezi na hewa ni nzuri? (Scolastica: "Nikiwa kule juu simu inachemka sikioni kama kiazi kilichotoka jivuni. Onesphory alituambia simu ikiwa mbali na mnara ndiyo inajikaza kutoa mawimbi mengi, mnara ukiwa karibu inatulia. Si alikuambia na wewe?") Aliniambia. Aliandika mpaka ukurasa mzima. Niliuondoa mimi mwenyewe, kwa sababu ulikuwa unavuruga hitimisho.

(Mzee Gidabuday, mfugaji, anasimama na fimbo yake: "Mkubwa, binti yangu ameolewa Gitting, ambako mnara upo. Anaongea na simu huku anasonga ugali. Kichwa chake ni kizima kuliko chako." Kicheko kirefu.) Shikamoo, mzee wangu. Heshima yako ipo palepale, ila binti mmoja hatoshi kuwa data. Tungehitaji mabinti wasiopungua mia nne, na ugali wa kiwango kimoja. Nikiendelea na ukurasa wa saba, kipengele cha monitaring na ivaliuesheni, mradi wetu umejipambanua kwa...

Nani anawasha gari? Tito! Wewe dereva, si nimekwambia usubiri kivulini? Tito, nazungumza na wewe kwa spika, usijifanye husikii! Hilo godoro linaenda wapi? Sista, na wewe unapanda? Mnambeba jinsi gani huyo mama, mshikeni mgongo, mshikeni mgongo jamani! Tito, kwenye korongo pita taratibu! Na funguo za nyumbani kwangu zimo humo! (Vigelegele. Gari linaondoka, vumbi linafunika meza kuu.)

Ndugu wananchi. Kama mlivyojionea, nimeamua, papo hapo na bila kushurutishwa na mtu, kuliruhusu gari la mradi kumwahisha Gaudensia hospitali. Huo ndio uongozi unaogusa watu. (Mzee Gidabuday: "Umegusa nini, mkubwa? Gari limeshavuka mto!" Kicheko.)

Kwa vile kurasa zilizobaki zimo ndani ya gari, nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru vijana wa kijiji waliochimba mashimo hamsini na mbili ya nguzo. Nawashukuru mafundi wa mnara, ambao hawakufika kwa sababu hawakuitwa. Nawashukuru wakubwa zangu, walioona mbali na kukubali kwamba ulinzi utangulie, na kinacholindwa kifikiriwe siku nyingine. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mzee Gidabuday kwa kutupatia eneo hili, ambalo ndani yake hakuna mnara, haukuwahi kuletwa mnara, na wala hakuna mpango wa kuleta mnara, isipokuwa majani na mbuzi wake saba, ambao, nasisitiza, bongo zao ziko salama.

Ubongo oyee! (Watu wanatazama vumbi la gari.) Uzio oyee! (Mbuzi: "Mee.") Mawimbi...

Basi. Itabidi nimpigie mtu wa ofisini aje kunichukua kabla jua halijazama. Haishiki? Hata hapa jirani na uzio? Haya. Mzee wangu, njia ya Haloo ndiyo hii? Dakika arobaini na tano? (Mzee Gidabuday: "Kwa viatu hivyo, saa moja na nusu.") Naona watu wameshajaa kwenye njia yenyewe. Wana nini leo? (Sauti: "Wanapanda kumpigia mume wa Gaudensia, yuko mnadani. Aambiwe aende hospitali.") Waacheni wampigie. Jambo hilo litangulie. Mimi nitasubiri, sina haraka. Wa mwisho kwenye foleni ni nani?

(Mzee Gidabuday: "Ni wewe, mkubwa.")