Tope la Lambo la Babu

Jumamosi, 6 Novemba 1993
Baba mdogo Zefania ametangaza: mvua ya kwanza isipoleta hata chura mmoja, analifukia lambo la marehemu babu, hapa nyuma ya nyumba, ajenge banda la mashine ya kusaga. Siku hizi biashara ruksa, anasema, ila vyura hawana leseni. Bibi Rahabu alijifunga khanga upya, akaingia ndani. Babu alilichimba mwaka waliooana. Nitaliokoa! Kitabu cha Biolojia kinasema tope likizidi, bwawa hufa.

Jumapili, 7 Novemba
Sikwenda ibadani. Nimechota tope. Bibi aliporudi nikamwamkia. Akasema niliache, babu alilikanyagisha ng'ombe misimu mitatu. Maskini bibi, hakusoma Biolojia! Nikamweleza kwa heshima kwamba ng'ombe ni wachafu.

Jumatatu, 8 Novemba
Nimefikia udongo wa kichanga. Lambo safi kama sahani! Topeni mlikuwa na madonge laini, kama viazi vilivyooza. Nimeyatupa juani, arobaini na moja. Kunguru wamefurahi sana.

Alhamisi, 11 Novemba
Mvua! Lambo limejaa hadi ukingoni. Bibi ametoa kigoda, akakaa kusikiliza. Nimemwambia Baba mdogo kwamba ameshindwa. Kwa sauti ndogo. Alikuwa mbali.

Ijumaa, 12 Novemba
Asubuhi, hakuna hata tone! Maji yote yamezama kichangani. Baba mdogo alicheka hadi akashika ukuta. "Profesa, umetoboa sufuria!" Shuleni nikafungua kitabu cha Biolojia, ukurasa unaofuata ule wa bwawa. Kiangazi chura hujifukia topeni, akalala akingoja mvua. Kuna mchoro. Anafanana na kiazi. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nimekaa huko kipindi kizima.

Jumamosi, 13 Novemba
Mkokoteni umeleta kifusi, safari tisa. Bibi alikaa kwenye kigoda hadi ya mwisho. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa lambo limebaki moja tu, la jirani yetu mzee Philipo. Vyura wake wanasikika mpaka huku. Jioni bibi amegeuza kigoda, akaelekea upande huo.

Nimechungulia uani kwake. Jamani! Tope linafika magotini. Mzee wa watu hajui hatari iliyopo. Kesho atashinda kanisani.

Koleo bado ninalo.